Ruhusa ya Kupita Juu ya Vichwa

Siku Luh Arsani alipopewa mhuri wa mwisho wa serikali, alitoka ofisini akicheza. Sisemi moyo wake ulicheza. Alicheza mwenyewe, kwa mabega na kiuno, pale kwenye maegesho ya pikipiki, mbele ya mlinzi aliyekuwa akitafuna karanga. Binamu yake Rumawan, ambaye ndiye rubani wa droni yake, aliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima, akavaa kofia ya pikipiki upesi ili asijulikane.

"Panda twende, dada, kabla hawajageuza nia," akamwambia.

Alikuwa na haki ya kucheza. Kurusha droni kwa biashara juu ya mji wa Denpasar si sawa na kurusha tiara. Uwanja wa ndege uko jirani, kwa hiyo mbingu ya mji ule ina wenyewe, tena wengi, na kila mmoja ana dirisha lake, foleni yake na mapumziko yake ya mchana. Watu wa anga walitaka barua ya polisi. Polisi walitaka barua ya manispaa. Manispaa, kwa adabu kubwa, ikasema haiwezi kuandika hata nukta mpaka watu wa anga waseme kwanza. Arsani akazungushwa kama punda wa kinu. Rumawan akafanyishwa mtihani wenye maswali ya mawingu, akafaulu, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kuangalia juu na kutaja majina ya mawingu bila kuulizwa. Droni nayo ilisajiliwa, ikapewa namba, ikapigwa picha ya mbele na ya ubavu. Kilichobaki ni kuulizwa dini yake tu.

Na yote hayo kwa ajili ya rangi ya paa. Kampuni moja ya Surabaya, yenye rangi ya chapa Chura, ilitaka tangazo la mtaa mzima uliopakwa rangi zake, kila paa na yake, upigwe picha kutoka juu uonekane kama sinia la vitumbua vya sokoni. Arsani ndiye aliyewashawishi wachague mtaa aliozaliwa. Mafundi walikuja, wakapaka, wakaondoka. Vigae vya mama yake vikawa rangi ya waridi, vya jirani rangi ya bahari, na mzee mmoja aliyekataa rangi zote akaishia kupakwa rangi ya yai. Mkubwa wa kampuni, Bwana Hendarto, angekuja Jumamosi kushuhudia upigaji picha. Hiyo ingekuwa kazi ya kwanza ya Arsani kwa jina lake mwenyewe. Ikishindikana, kuna watu wa Jakarta walikuwa tayari wamekaa mkao wa kula, na Arsani angerudi mapokezi ya hoteli alikotoka, kutabasamu kwa zamu.

Ruhusa zote zilikuwa ndani ya mkoba sasa, isipokuwa ya mtaa wenyewe. Hiyo aliiacha mwisho kwa sababu aliiona rahisi. Ni kwao. Nani atamkatalia mtoto wao? Mtu akishayaruka majabali, hujikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake.

Mkuu wa mtaa, Pak Degeng, yaani Mzee Degeng, alikuwa fundi wa kushona viti vya pikipiki. Alifuta mikono, akazipokea barua, akazisoma moja baada ya nyingine kwa raha, akisifu mihuri. Huu wa polisi umetulia, alisema. Huu wa manispaa wino umekolea. Alipofika mwisho alizipanga vizuri, akamrudishia.

"Barua safi kabisa, Luh. Sasa mtaa unasemaje?"

"Ndiyo nimekuja kuuliza mtaa, Pak."

"Mimi si mtaa. Mimi nashona viti."

Akamweleza, kana kwamba Arsani ni mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege, kwamba neno la mtaa hutolewa na mkutano wa mtaa, na mkutano uko mwezi ujao siku yake ya kalenda. Mkutano wa dharura upo, ndiyo, kwa msiba, moto au mafuriko.

"Kuna aliyekufa?" akauliza.

"Mimi, Jumamosi."

Pak Degeng alicheka, lakini hakulegea. Akachukua sindano yake, akashona mishono miwili mitatu, kisha akasema jambo la pili bila kuinua macho. Alisema hata mkutano ukikaa, watu watauliza ni Arsani yupi huyu anayeomba. Yule wanayemwona, au yule wa viti?

Arsani alijua viti gani. Tangu baba yake afariki, nafasi yake kwenye kazi za mtaa, pembeni ya mama, ilikuwa ya Arsani. Kulkul ikilia, yaani lile gogo lenye tundu linalogongwa kwenye mnara wa kona, kila nyumba hutoa watu wawili: kufagia hekalu, kuzibua mifereji, kuchinja nguruwe wa sherehe, kubeba maiti. Arsani alikuwa na zamu za hoteli, baadaye akawa na kamera, na asiyekuja hutozwa faini. Basi akawa analipa faini. Alilipa mapema, alilipa bila kunung'unika, akajiona raia mwema kuliko wote. Fedha zile zilijikusanya, mtaa ukanunua viti vya plastiki vya ukumbini, vyekundu, imara sana. Watu wakaviita viti vya Arsani. Akifika mgeni, utasikia mtu anasema mletee Arsani mmoja akae. Yeye mwenyewe alidhani ni heshima, mpaka mama yake alipomwambia siyo.

Hakukata tamaa. Alikwenda kwa Bibi Rerod, kasisi wa hekalu la mtaa, mwanamke mdogo kama kisiki cha mgomba na mkaidi vilevile. Bibi Rerod akisema ndiyo, hakuna mkutano utakaosema hapana. Alimkuta barazani akitafuna tambuu, akamweleza kila kitu, akamwonyesha hata video ya droni ikiruka kwenye mashamba ya mpunga. Bibi aliitazama kwa makini.

"Hiki kidude kitapita juu ya kichwa changu?"

"Kitapita juu sana, Bibi. Hata hutakisikia."

"Sikuuliza masikio. Nimeuliza kichwa."

Wakati huohuo ndege ya abiria ilikuwa inashuka kuelekea uwanjani, tumbo nje, magurudumu chini. Arsani aliinyooshea kidole kwa furaha ya mtu aliyeokota hoja njiani. Akasema ile je, si inapita juu yetu kila siku, imejaa watu, na choo chake hivi sasa kina mtu ndani?

Bibi Rerod aliitazama ndege kama unavyomtazama jirani mliyenuniana. "Rubani wa ile hanijui," akasema. "Wewe nimekubeba mgongoni."

Mazungumzo yakaishia hapo. Arsani alirudi nyumbani na mihuri yake yote, amenyong'onyea.

Alhamisi asubuhi Rumawan alikuja na wazo. Walikuwa wamekatazwa kuruka juu ya mtaa, alisema, lakini ua wa mama yake Arsani ni wa mama yake Arsani, na mbingu iliyo juu ya ua ule ni ya nani? Waijaribu droni humohumo, ndani ya kuta nne, waone rangi zinavyopokea jua. Angalau wawe na kipande cha kumwonyesha Bwana Hendarto wakati wa kumwangukia miguuni. Arsani alijua ni wazo bovu. Lakini mfa maji haishi kutapatapa, na hili lilikuja na kahawa ya moto, akakubali.

Mama yake alikuwa jikoni, hakuulizwa. Rumawan aliitoa droni kwenye sanduku, akaiweka katikati ya ua, ikanguruma, ikapaa. Ilipanda wima juu ya vigae vya waridi, na kwenye kioo cha simu Arsani aliuona mtaa wake ukifunguka: waridi, bahari, yai, kijani cha ndizi mbichi, na katikati yake mapaa meusi ya madhabahu za kila nyumba, yametulia kama wazee harusini. Ulikuwa mzuri mno. Arsani alijikuta anapiga kelele ya furaha kama mtoto aliyeona embe la kwanza la msimu.

Ilikuwa Julai, mwezi wa upepo na tiara, na tiara moja ya wanafunzi, kubwa kama mlango, ilishuka kwa kasi upande wa kulia. Rumawan akaikwepesha droni kushoto. Kushoto kulikuwa na ukuta. Droni haina habari na kuta. Ikapita, upepo ukaipokea, ikaelekea kwenye kona ya mtaa, kwenye mnara wa kulkul.

"Rumawan," Arsani akasema, akikinga jua kwa kiganja. "Droni yako ina mkia?"

"Haina mkia, dada."

"Basi ule unaopepea ni nini?"

Rangi ilimtoka Rumawan usoni kidogo kidogo, kuanzia kipaji cha uso. Sanduku lile alilinunua kwa bei ya kutupa na lilikuwa linacheza ndani, na yeye, kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa droni ile, alilijazia nguo laini zilizokuwa karibu. Nyingine zilikuwa fulana. Moja ilikuwa boksa yake, ya mistari ya njano na zambarau, na lastiki yake ilikuwa imenasa kwenye mguu wa droni bila yeye kuona.

Wakaitazama ikipita juu ya ukumbi wa mtaa. Ikafika juu ya mnara. Pale kileleni mwa paa kuna pambo la udongo lililochongoka kama kidole, na boksa ikajivika kwenye kidole kile kama iliyopimwa. Droni ikavuta. Lastiki ikarefuka, ikarefuka, Rumawan akifinyafinya vitufe na kutaja mizimu ya babu zake mmoja mmoja. Kisha lastiki ikaachia, droni ikarudi nyumbani kama jiwe la manati, ikatua kwenye kitanda cha maua cha mama. Haikuvunjika kitu.

Boksa ilibaki mnarani.

Sasa, kuna miji ambayo boksa juu ya mnara ni kichekesho cha dakika moja. Pale kwao nguo ya ndani huanikwa usawa wa kiuno, nyuma ya nyumba, na mwanamume mwenye akili zake huzunguka uchochoro mzima kuliko kuinama apite chini ya kamba. Kichwa ni mahali pa juu, pa juu ni pa miungu, na kulkul ndiyo sauti ya mtaa mbele ya miungu. Na juu ya kulkul, ikipepea kwa fahari kuliko bendera ya siku ya uhuru, sasa kulikuwa na boksa ya Rumawan.

Muuza supu ndiye aliyeiona kwanza. Alisimamisha mkokoteni wake ghafla, akageuka alikotoka. Kina mama waliobeba vikapu vya sadaka vichwani wakasimama nyuma yake, wakafuata macho yake, wakashusha vikapu. Robo saa haikupita, mtaa mzima ulikuwa barabarani. Walikuja na vijiko vya kupikia, na povu la sabuni usoni, na watoto kiunoni. Kuna mzee aliyekuwa hajatoka kitandani tangu masika. Wajukuu walimbeba kwenye kiti cha plastiki ili asipitwe.

Palizuka mabishano ya kila aina. Ngazi ndefu kuliko zote ilifika nusu. Vijana wakajitolea kupanda, wazee wakawauliza: mkifika juu, matako mtayaweka wapi? Juu ya kulkul? Kumweka mtu juu ya paa lile kunahitaji sadaka na siku njema, na mwenye kalenda alipoifungua, siku njema ya karibu ilikuwa baada ya wiki ijayo. Aliye juu mngoje chini, alisema mtu mmoja wa nyuma, na watu waliocheka wakakaripiwa na watu waliokuwa wanajizuia kucheka.

Rumawan alikuwa amejificha nyuma ya Arsani, jambo gumu kwa kuwa ni mnene kuliko yeye. Haikusaidia. Mkewe Sukreni alitokea na beseni la nguo, akatazama juu, akatikisa kichwa.

"Nilimnunulia mwenyewe," akawatangazia. "Ya sikukuu. Nikamwambia asiitumie ovyo."

Macho yote yakamgeukia Rumawan, kisha Arsani. Arsani alitamani ardhi ipasuke. Aliwaza Jumamosi, akawaza mapokezi ya hoteli, akaona tai ndogo ya sare ikimkaba tayari. Lakini alikuwa amezunguka kwenye madirisha ya serikali wiki nyingi, na mtu aliyezungushwa hivyo huwa na sugu mahali fulani. Akapiga moyo konde, akasogea mbele ya Pak Degeng, akainamisha kichwa.

"Pak, droni ndiyo iliyoipeleka. Droni inaweza kuishusha. Tunaifunga ndoano, inapanda, inashuka. Naomba ruhusa."

"Ruhusa ni ya mtaa," Pak Degeng akasema.

"Basi ita mtaa, Pak. Hii si dharura?"

Hata wakali walikubali kwamba hii ni dharura. Pak Degeng akapiga hatua kwenda mnarani kugonga kulkul, akasimama. Akatazama juu. Akarudi nyuma. Droni haiwezi kuruka bila mkutano, alisema, akihesabu kwa vidole. Mkutano hauwezi kuitwa bila kulkul. Kulkul haiwezi kugongwa mtu akiwa chini ya boksa. Boksa haiwezi kutoka bila droni. Akaanza tena kwenye kidole cha kwanza. Alizunguka pale barabarani, mikono nyuma, na Arsani, pamoja na hofu yake yote, alijisikia kicheko kinapanda kooni, maana safari hii punda wa kinu hakuwa yeye.

Bibi Rerod alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mfereji muda wote akitafuna tambuu. Akatema.

"Degeng, mkutano ni kitu gani?"

"Ni watu wote wa mtaa kukaa pamoja, Bibi."

"Nani hayupo?"

Pak Degeng alitazama huku na huku. Watu nao wakatazamana. Walianza kuhesabu nyumba kwa nyumba, na kila nyumba iliyotajwa ilijibu, na nyingi zilijibu kwa watu watano. Hakuna mkutano wa mtaa ule uliowahi kujaa hivyo, hata ule wa kugawana nyama. Mzee wa kwenye kiti aliinua mkono bila kutajwa.

"Basi kaeni," Bibi Rerod akasema.

Wakakaa palepale, barabarani, na mkutano ambao usingepatikana hadi mwezi ujao ukamalizika kabla tambuu ya Bibi haijaisha ladha. Droni iliruhusiwa kupanda. Ila Bibi aliweka sharti: kilichobeba uchafu juu ya mtaa kisipande tena kabla ya kutakaswa. Ikaletwa droni, ikawekwa juu ya jani la mgomba. Bibi akaiombea, akairushia maji matakatifu mara ya kwanza, mara ya pili, na Rumawan akawa anaugulia taratibu, ananong'ona mota, Bibi, mota, maji kidogo basi. Mara ya tatu akafumba macho. Kisha Bibi akabandika punje za mchele mbele ya droni, pale juu ya jicho la kamera, kama anavyombandika kila mtu kwenye paji la uso, na kuichomekea ua la mfuu ubavuni.

Ndipo ikaja njia ya kupita. Ndugu yangu, watu wa anga wa serikali ni wapole. Kushuka na boksa bila kupita juu ya madhabahu ya mtu, wala kichwa cha mtu, wala jiko la mtu, katika mtaa ule uliobanana, ni kazi ya kuchora. Kila mwenye nyumba alisimama kutetea mbingu yake. Pak Degeng, yule aliyekuwa akishona viti tu, alichukua chaki na kuchora njia barabarani: kutoka mnarani, kushuka juu ya mfereji, kushoto kwenye mti wa mkwaju, moja kwa moja hadi kwenye beseni la Sukreni. Watu wakaambiwa wabanane ukutani. Kijana mmoja wa tiara akafunga ndoano ya fito kwenye uzi wake bora, akaining'iniza chini ya droni, akamnong'oneza Rumawan habari za upepo.

Droni ikapanda. Ndoano ikakosa, ikakosa tena, ikagusa kidole cha udongo, ikateleza. Kisha ikaingia kwenye tundu la mguu wa boksa, Rumawan akainua polepole kama mtu anayemtoa mtoto usingizini, na boksa ikavuka.

Kilichofuata hakielezeki bila kucheka. Mtaa mzima, kutoka ukutani, ukaiongoza kwa minong'ono. Kushoto kidogo. Taratibu, hapo kwa marehemu baba. Usiyumbe, usiyumbe. Ikapita juu ya mfereji kwa heshima kama jeneza, ikageuka kwenye mkwaju, ikashuka, ikaingia katikati ya beseni la Sukreni, naye akafunika kwa kifuniko cha sufuria. Hapo ndipo watu waliposhindwa. Mtaa ulicheka mpaka watu wakashikiliana. Pak Degeng alicheka hadi kilemba kikamkalia upande. Mzee wa kwenye kiti aliomba irudishwe juu aione tena.

Kicheko kilipopungua, Pak Degeng akajifuta macho, akakumbuka cheo chake, akatangaza mkutano umefungwa na ruhusa imekwisha kazi.

"Na Jumamosi, Pak?" Arsani akauliza. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka.

Ndiyo, watu walimpenda wakati ule, alishawachekesha, lakini kucheka ni kitu kimoja na neno la mtaa ni kingine. Wengine walitazama chini. Jibu lilikuwa linakuja, na Arsani aliliona.

"Imepewa maji," Bibi Rerod akasema, kana kwamba anajisemea. "Imepewa mchele. Mtu wa mtaa huu hupewa nini kingine?"

"Wajibu," sauti ikajibu.

Alikuwa mama yake Arsani. Hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi. Alikuwa amesimama mlangoni pake na majivu ya jiko mikononi, na hakumtazama mwanawe; alikuwa akiitazama droni.

Bibi Rerod akaitikia kwa kichwa. Basi na iandikwe, alisema. Iliyokunywa maji yetu ni mwenzetu, na mwenzetu hapiti juu ya vichwa vyetu kama mgeni; anapita kama anavyopita fundi wa paa, kwa kazi. Iruke Jumamosi. Lakini kulkul ikilia, nayo ije. Kuna mifereji isiyoonekana mwisho wake, kuna vigae vya hekalu vilivyokatika ambavyo hakuna shingo inayovifikia. Pak Degeng akauliza wanaokubali, wakaitika kwa pamoja, na mzee wa kitini akachelewa akaitika peke yake.

Rumawan, ambaye aibu ilikuwa imemfanya mwepesi wa kulipa, akasema wao wako tayari, na siku isipoweza kuja watatoa faini bila tatizo.

"Faini hapana," Bibi Rerod akasema. "Viti vinatutosha."

Hakuna aliyecheka sana. Arsani alisimama pale, masikio yakimwaka moto, akimwona mama yake kwa mara ya kwanza kama watu walivyomwona miaka hiyo yote: mwanamke anayefagia hekalu kwa ufagio mmoja, pembeni ya nyumba nyingine zenye fagio mbili. Aliona haya, haya ya kweli, na chini ya haya ile kulikuwa na furaha isiyo na adabu inayotaka kucheza kwa mabega na kiuno. Walikuwa wanamwita. Walipitia kwa droni ili asione vibaya, lakini aliyekuwa anaitwa ni yeye, maana droni haiji peke yake.

"Nitaileta, Bibi," akasema. "Mwenyewe."

Jumamosi jua lilikubali. Bwana Hendarto alikuja na shati lenye picha ya chura, akatazama kwenye kioo mtaa ukifunguka kama sinia la vitumbua, akapiga makofi peke yake, akataka irudiwe, akapiga makofi tena. Aliuliza kwa nini droni ina mchele usoni. Arsani akamwambia ndiyo leseni yake. Bibi Rerod alikaa ndani ya baraza yake saa zote, chini ya vigae, kichwa kikiwa salama. Ila kila mara droni ilipopita alichungulia kidogo, na baadaye akaomba aonyeshwe paa lake kwa juu. Alilitazama muda mrefu, akasema kijani kile kilikuwa kizuri zaidi kwenye kopo. Kabla ya kuondoka, Bwana Hendarto aliwaambia kuna mtaa mwingine Singaraja, na kazi ni yao wakitaka.

Jumapili Arsani alikuwa bado amelala, amejifunika gubigubi, anaota mapaa, kulkul ilipolia. Mlio wake wa kazi, wa taratibu, unaojua utasikiwa. Kwa mazoea alivuta shuka usoni. Akasikia ufagio wa mama yake ukichukuliwa mlangoni, kisha hatua zake zikasimama nje ya chumba.

"Luh," mama akasema, akigonga mara moja. "Mwenzako anaitwa."

Arsani alicheka peke yake gizani chini ya shuka. Akaamka, akavaa kanga ya kazi, akabeba sanduku la droni mkono mmoja. Mkono wa pili, alipopita jikoni, ukachukua ufagio wa pili.